Tafadhali Watangazieni Watu Kwamba Mimi Sigombei

Saluni ya Assumpta,
Mkabala na kanisa,
Kiltarsna.

Kwa Bi. Orla Considine,
Mkurugenzi,
Mafunzo ya Wanawake Wanaowania Uongozi.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAFUNZO YENU, NA OMBI LA KUTANGAZWA RASMI KWAMBA MIMI SI MGOMBEA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa ofisini kwako, na kwamba huko mjini mvua imewahurumia kuliko ilivyotuhurumia sisi. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na walioivuruga ni ninyi.

Mimi ni mtu mpole. Muulize yeyote hapa Kiltarsna, atakwambia Assumpta Tarpey hana ugomvi na mtu isipokuwa yule wa bucha, na yule alijitakia. Nina saluni ya nywele, nina mume anaitwa Colman, nina watoto wawili walioko Australia ambao hunikumbuka Krismasi. Siasa siijui na sijapata kuitamani. Jambo moja tu nalitaka kutoka baraza la kaunti, na kila mtu hapa analitaka: makaburi yetu ya parokia yamekaribia kujaa kabisa. Upande wa pili wa ukuta kuna kiwanja cha baraza kimekaa bure, kimeota magugu. Tunaomba ukuta ubomolewe, kiwanja kiunganishwe, watu wapate pa kulala. Basi, hatuombi kiwanja cha ndege. Na kwa hilo tunaye diwani wetu, Mheshimiwa Malachy Gilvarry, ambaye amekuwa akilishughulikia tangu enzi zile bado ana nywele.

Sasa nashangaa kupokea kutoka kwenu barua nyingine tena inayoniita "mgombea wetu mpendwa". Mpendwa sawa, siwezi kukataa kupendwa. Mgombea hapana. Nimeona nikuandikie malalamiko yangu kwa namba, ili baadaye asitokee mtu wa kusema hakuelewa.

1. Sikuja mafunzoni. Nilimleta mtu. Jirani yangu Dympna Heneghan ana miaka themanini na mmoja, hajaolewa, hana gari, na neno "hapana" kwake ni mwanzo wa mazungumzo. Alinigongea dirisha Ijumaa jioni akasema, "Assumpta mwanangu, kesho unanipeleka mjini. Kuna mafunzo ya wanawake wanaotaka udiwani." Nikamwambia, "Dympna, udiwani wa nini tena na umri huo?" Akanijibu, "Kwani nimekuomba umri? Nimekuomba gari." Haya, nikampeleka. Nia yangu ilikuwa nimshushe mlangoni niende zangu kununua rangi za nywele, lakini mvua ilikuwa inamwagwa kwa ndoo, na yule binti yenu Sorcha alitoka na mwavuli, akanivuta ndani, akanibandika jina kifuani hata mlango wa gari sijaufunga vizuri. Dympna akachagua kiti cha nyuma kabisa karibu na kipasha joto, akafumba macho mpaka saa ya chai. Aliyefundishwa ni mimi.

2. Halafu lile swali. Sorcha alitusimamisha mmoja mmoja tujibu kwa sentensi moja tu, isizidi: kwa nini unagombea? Wenzangu walijibu vizuri. Yule mama mfuga mbuzi alinitoa machozi, na hata kama angekuwa anagombea upapa ningempa kura. Ilipofika zamu yangu nikasema ukweli mtupu: "Mimi sigombei, nimemleta jirani." Ukumbi mzima ukapiga makofi! Sorcha akanishika bega, akawageukia, "Mnaona, wapendwa? Hivi ndivyo wanawake tunavyojidharau. Kila mmoja wetu anasema amekuja kumleta mwenzake." Nikanyoosha kidole kule nyuma kumwonyesha Dympna mwenyewe, kinywa wazi, anakoroma. Wakapiga makofi tena, wengine wakasimama. Nakuuliza kwa heshima, Ndugu Mkurugenzi, mtu afanye nini zaidi ya hapo? Jibu la swali lile sikuwa nalo na mpaka leo sina, na mtu asiye na jibu lake mnamwitaje mgombea?

3. Misiba. Hapa ndipo panaponiuma. Wewe unajua kama nijuavyo mimi kwamba nchi hii hakuna anayeingia kwenye siasa kwa kuhutubia. Anaingia kwa kuzika. Ukionekana kwenye mazishi ya ndugu yako, una msiba. Ukionekana kwenye mazishi ya jirani, una adabu. Ukionekana kwenye mazishi ya mtu usiyemjua, parokia ya tatu kutoka kwenu, umeshika mkono wa mjane na kikombe cha chai, unautaka udiwani, na hakuna wakili wa kukutetea.

Mimi sina hatia. Ni Dympna. Kila asubuhi redio ikimaliza habari na kuanza kutangaza waliofariki, Dympna ananyanyua mkono na hata mbwa wake hathubutu kubweka. Kisha nasikia dirisha langu: ko ko ko. "Leo ni Ballyfarna, saa tano. Vaa lile koti jeusi, siyo lile lenye manyoya, lile linakuonyesha umenuna." Naacha mteja na kichwa kibichi, naendesha. Tukifika, miguu ya Dympna inakuwa mizito. "Ah, mwanangu, tazama foleni ilivyo. Leo sina miguu. Nenda wewe ukawape mkono kwa niaba yangu. Na jina lako uwatajie, wajue nani kaja." Naenda. Mkono mmoja mmoja, benchi zima: "Poleni sana kwa msiba. Assumpta Tarpey, wa Kiltarsna." Pengine marehemu niliwahi kumkata nywele, basi nawasimulia alivyokuwa akinichekesha kitini, wanafurahi, wananikalisha, wananipa sandwichi za yai. Na msiba ukiwa wa kwetu Kiltarsna, wakati mimi nakula mayai ya watu, Dympna yule yule asiye na miguu namwona anakatiza makaburi kwa mwendo wa mtu wa posta, anakwenda hadi ukuta wa mwisho na kurudi. Nilidhani anakwenda kusali.

Tumefanya hivyo majira yote ya baridi. Siku moja, katikati ya foleni ya pole, mtu akaninong'oneza huku akiendelea kushika mikono ya wafiwa. Ni Malachy Gilvarry. "Dada Assumpta, unamfahamu marehemu?" Nikamwambia, "Simfahamu." Akasema, "Hata mimi. Basi tumeelewana." Tangu siku hiyo akiniona barabarani anapunga mkono wote mzima, na kabla ya hapo alikuwa akipunga kidole.

4. Kukanusha hakusaidii. Nilikanusha saluni, mbele ya wanawake wanne walio na dawa kichwani, mashahidi wasioweza kwenda popote. Kufikia jioni ilikuwa imefika hadi daraja la pili: "Assumpta amekana. Basi ni kweli." Kwa sababu kwetu hakuna aliyewahi kugombea bila kukana kwanza. Malachy mwenyewe alikana kuanzia Mwaka Mpya hadi Pasaka, na siku ya Pasaka picha yake ilikuwa kwenye kila nguzo. Nikamtuma Colman mnadani aseme yeye kama mwenye nyumba. Colman akasimama katikati ya ng'ombe akatangaza, "Mke wangu hagombei!" Watu wakavua kofia wakampa mkono. Alirudi nyumbani ameahidiwa kura za ukoo mzima wa kina Feerick, ambao hawajawahi kukubaliana hata rangi ya geti.

5. Mafunzo yenu hayatoki. Nimejaribu. Kuna mambo mmeniingiza kichwani ambayo siwezi kuyaosha hata kwa sabuni ya saluni. Zamani nikitaka kusema neno nilianza, "Samahani, mimi sijui sana, lakini…" Ilikuwa sentensi yangu nzuri, mama yangu aliitumia, bibi yangu aliitumia. Sorcha aliiandika ubaoni, akaipiga mstari mwekundu mbele ya watu. Tangu siku ile kila nikifungua mdomo inagoma kutoka, nabaki nasema jambo lenyewe.

Na kibaya zaidi alitufundisha: uliza swali fupi, kisha nyamaza. Usijaze kimya, alisema, kimya kiache kifanye kazi. Sasa sikia kilichotokea. Palikuwa na mkutano wa parokia kuhusu makaburi, ukumbi umejaa, Dympna ameketi mbele na mkoba magotini. Malachy akasimama akasema maneno yake ya siku zote: "Ndugu zangu, nawahakikishieni, faili liko mezani." Watu wakaitikia kwa kichwa kama ilivyo desturi, wakaanza kutafuta makoti. Mimi huyu, mtu mpole, nikajisikia nasema, "Meza ipi?"

Basi. Halafu nikanyamaza, kama nilivyofundishwa.

Ndugu Mkurugenzi, sijawahi kuona kimya cha namna ile ukumbini kwetu, na nimewahi kuwapo paroko alipotangaza kwamba anaoa. Malachy alikohoa. Akasema, "Meza ya kamati." Nikauliza, "Ya nani?" Nikanyamaza tena. Akasema, "Kamati ya… ya ardhi na makaburi." Nikauliza, "Mwenyekiti wake nani?" Na hapo Malachy Gilvarry akatazama viatu vyake, vilivyopigwa rangi vizuri, akasema kwa sauti ndogo sana, "Ni mimi."

Sikutaka kumdhalilisha mtu. Nilikuwa naulizia meza. Dympna peke yake ndiye aliyecheka, kisha wakacheka wote, na mimi nilirudi nyumbani uso unawaka moto. Hiyo ni hasara mliyonitia ninyi, mnatakiwa kuilipa.

6. Kampeni ya kujipinga. Colman alinipa ushauri, na najua sasa kwamba Colman asiruhusiwe kutoa ushauri. Alisema, "Kama hawaamini saluni wala mnada, pita nyumba kwa nyumba uwaambie ana kwa ana wasikupigie kura." Nikaona ni haki. Nikavaa viatu vya matope nikaanza.

Unajua kura zetu zilivyo, mtu anapanga majina kwa namba, na kila anayegonga mlango anaahidiwa namba moja ili aondoke kwa amani. Basi nagonga, mwenye nyumba anafungua, kabla sijavuta pumzi: "Assumpta! Namba moja yako!" Nasema, "Usinipe." "Basi mbili?" "Usinipe hata kumi! Sigombei!" Anamgeukia mkewe jikoni, "Sikiliza alivyo mnyenyekevu! Huyu ndiye tunayemtaka, siyo yule wa meza." Na chai inamiminwa, na mkate wa nyumbani wenye siagi unene wa kidole, na mimi siwezi kukataa mkate wa mtu. Nikishaketi, wanaanza kuniambia yao. Na yote yalikuwa lile lile moja.

Hawataki kuzikwa Drumshee. Ndiko baraza linakosema tupelekwe pakijaa kwetu, ng'ambo ya mto. Drumshee, Ndugu Mkurugenzi! Watu walioshinda fainali ya kaunti kwa bao ambalo mpaka leo hii halijavuka mstari! Mzee mmoja aliniambia akiwa na akili timamu, "Nikizikwa kati yao, siku ya ufufuo nitaanza na ngumi." Nilicheka nikamwaga chai.

Kisha nikafika kwa Lorcan Tuohy. Lorcan ana miaka tisini na ushee, bachela, ndugu zake wote walizikwa nchi za mbali, na bado anapanda baiskeli kwenda kununua gazeti. Naye alianza na namba moja yake, nikamkatalia, akanikaribisha mekoni. Akasema, "Unajua pale kwetu imebaki nafasi moja? Pembeni mwa ukuta. Atakayetangulia ndiyo yake. Mimi nimemwahidi Dympna kwamba sina haraka." Nikamwuliza Dympna anahusikaje, si ana kaburi la familia, kubwa tu, lenye malaika? Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni. "Limejaa, mama. Baba yake, mama yake, na Concepta, pacha wake. Yeye hana pa kuingia. Kila akija kuzika anakwenda kutazama kama ile nafasi bado ipo. Hukuwahi kumwona?"

Nilimwona. Majira yote ya baridi nilimwona, nikadhani anasali, nikaendelea na sandwichi zangu. Niliumia sana, sitaki kukuficha. Nimeishi ukuta kwa ukuta na yule mama maisha yangu yote ya ndoa, nimempaka rangi ya nywele kila Krismasi, na hakuniambia neno, maana Dympna haombi kitu isipokuwa gari. Lakini hilo ni suala la makaburi na haliwahusu ninyi. Nalitaja tu kuonyesha jinsi mafunzo yenu yanavyomfikisha mtu katika majiko asiyoitwa.

7. Na mwisho, Mheshimiwa mwenyewe. Wiki iliyopita Malachy alikuja saluni. Nakukumbusha kwamba Malachy hana unywele hata mmoja. Alikaa kitini, nikamfunga kitambaa, kwa sababu aliyekaa kitini ni mteja, nikaanza kumsugua kichwa kwa mafuta ya mlozi. Akaniambia kwa upole, "Dada Assumpta, tumetoka mbali. Ukijitoa sasa, kamati ya maua ya kijiji itahitaji mwenyekiti." Nikamwambia, "Malachy, siwezi kujitoa mahali ambapo sijaingia." Akanitazama kwenye kioo, akatikisa kile kichwa chake kinachong'aa. "Hilo," akasema, "ndilo jibu la mwanasiasa aliyeiva." Nikamuuliza faili linaendeleaje. Nikanyamaza. Kichwa chake kikaanza kutoka jasho mikononi mwangu. Alilipa, akasahau kofia.

Kwa hayo yote, Ndugu Mkurugenzi, ninaomba kwa unyenyekevu mkubwa yafuatayo. Kwanza, mtangaze redioni, mara tu baada ya waliofariki, saa ambayo hakuna anayezungumza, kwamba Assumpta Tarpey hagombei na hajawahi. Pili, mnichapishie mabango yenye picha yangu na maneno HUYU HAGOMBEI, ya kuning'inizwa kila nguzo toka Kiltarsna hadi daraja la pili. Hili nilishamwomba Sorcha kwa simu. Alinijibu kwa sauti tamu kabisa kwamba nguzo wakati wa uchaguzi ni za wagombea tu, kwa hiyo nikitaka kutangaza nguzoni kwamba sigombei, itanilazimu kwanza nichukue fomu nigombee. Nimelifikiria usiku kucha nikaona ana hoja. Nikawaza tena: nikishagombea ili nitangaze kwamba sigombei, watu watasema nakana, na kwetu anayekana ndiye anayegombea, na watanipa kura, na nikipata kura nitashinda, na nikishinda nitapewa ile kamati yenye meza, na faili liko juu yake. Nikaona niishie hapo, nikawasha taa, Colman akalalamika.

Kwa hiyo ombi la tatu, ambalo ndilo la haki kuliko yote: mniandalie mafunzo ya kuniondolea mafunzo. Siku moja inatosha. Mnirudishie sentensi yangu ya "samahani, mimi sijui sana", mnifundishe tena kujaza kimya, na mnifanye niweze kusikia "faili liko mezani" nikatafuta koti langu kama watu wengine. Chai nitakuja nayo mwenyewe.

Nisalimie wote hapo ofisini. Msalimie Sorcha, ni binti mzuri ingawa amenitia matatani, na zile nywele zake za mbele zinataka kupunguzwa kidogo, aje bure. Msalimie mama mfuga mbuzi, mwambie namwombea ashinde. Msalimie na yule bwana aliyekuwa akileta chai, alikuwa na uvumilivu. Dympna anawasalimu pia, anasema viti vyenu vinalalika.

Ni mimi, mwenye kulalamika kwa moyo safi,

Assumpta Tarpey
(Mwenye saluni. Si mgombea.)

Nyongeza: Barua hii ilibaki kwenye mkoba wangu, maana asubuhi niliyotaka kuipeleka posta redio ilimtangaza Lorcan Tuohy. Alilala mzima, asubuhi hakuamka, na baiskeli ilikuwa bado imeegemea mlango. Tumemzika leo, pembeni mwa ukuta.

Nilipanga foleni, nikawapa mkono wapwa wake, na safari hii hakuna aliyenituma. Dympna hakusema habari ya miguu. Alikwenda moja kwa moja ukutani akasimama mbele ya udongo mbichi, na mimi nikamfuata. Hakugeuka. Akasema, "Kaniwahi. Na aliniahidi, mtu mbaya yule." Nikanyamaza, na sikufanya hivyo kwa sababu ya Sorcha. Akajipangusa pua, akasema, "Basi sasa mimi nimekatazwa kufa, Assumpta. Mpaka baraza likae." Nilicheka mpaka nikalia, halafu kicheko kikaisha nikabaki nalia tu, kwenye koti jeusi, mbele ya Malachy na watu wote.

Tukiwa garini nikamwuliza, "Dympna, siku ile ya mafunzo, ulikuwa umelala kweli?" Akasema, "Ningelala vipi, na wewe umesimama unapiga kelele kwamba hugombei?" Kisha akanishika mkono nimsaidie kushuka, na miguu yake, Ndugu Mkurugenzi, ilikuwa mizito kweli.

Kwa hiyo malalamiko yangu, la kwanza hadi la saba, yafute. Fomu nimeijaza, imo humu ndani pamoja na picha, upande wa kushoto ndio wenye sura. Malachy nitampa mimi mwenyewe namba mbili, sina ugomvi na mtu. Na mwambie Sorcha kwamba lile swali lake nimelipatia jibu, sentensi moja, haijazidi: nagombea ili Dympna Heneghan apate ruhusa ya kufa.